Mwaka Tulipofanywa Vitu

Nikiwaambia watu kwamba nilishika kompyuta Musoma wakati nusu ya mji haijui kitufe, wanadhani najisifu. Thubutu! Angekuwapo mtu wa kuniondolea kumbukumbu ile ningempa na soda juu.

Kabla kompyuta haijafika, ofisi yetu ilikuwa na mashine mbili za taipu na wanawake wawili wa kuzipiga, Mama na mimi. Mama hakunizaa. Ofisi nzima ilimwita hivyo, hata meneja aliyemzidi umri, kwa sababu alikuwapo tangu shirika linaanza, meza bado zinanuka vanishi. Lilikuwa shirika la umma la kuuza majembe na plau: ofisi Musoma, bohari Bunda, duka Butiama. Nasema la kuuza, ila miaka ile ya foleni za sukari na sabuni hatukuwa na jembe hata la kuchimbia choo. Tulichozalisha kwa wingi ni barua za kueleza kwa nini majembe hayapo. Tulizipiga mimi na Mama, nakala nne kila barua.

Karatasi za kaboni nazo zilikuwa adimu kuliko nyama. Mama ndiye aliyenifundisha kuianika kaboni kuukuu dirishani ipate jua, wino uliobaki ujitandaze, kisha uipige tena hadi iwe nyeupe. Akanifundisha pia kwamba ukikosea unafuta ya juu, halafu unafuta kila nakala kwa zamu yake, maana nakala haijui kuwa ya juu imetengenezwa. Na ya chini ukiichana ukaitupa kapuni, ya juu inabaki salama salimini. Hiyo ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo kuhusu nakala, na ilinitosha miaka minane.

Zikaja enzi za ruksa. Maduka ya mjini yakajaa majembe ya nje, mepesi, yanang'aa, na sisi ndipo yetu yakafika, mazito kama dhambi. Nani anunue? Tukaambiwa shirika litauzwa, na mnunuzi hataki kurithi ukoo mzima. Lazima watu wapungue. Ila Dar hawakutaka ionekane kwamba binadamu ndiye anayewapunguza wenzake, wakatuletea kompyuta moja na mtaalamu mmoja.

Kompyuta ikapewa chumba chake, pazia jipya, na feni ambayo sisi tuliiomba kwa barua miaka mitano. Mlangoni unavua viatu. Meneja wetu, ambaye hata nyumbani kwake aliingia na vumbi la mtaani kwake Nyakato, alikuwa anavua viatu na kukanyaga kwa vidole, soksi imetoboka, anaongea kwa kunong'ona kama yuko wodini.

Mtaalamu alikuwa kijana mwenye tai na haraka. Alitukusanya akatuambia kuwa katika lugha ya mashine hii kila mfanyakazi ni kitu, na kitu kina sifa: jina, mwaka wa kuzaliwa, cheo, mwaka wa kuajiriwa, mwenza, na hali. Kwenye hali unaandika "anabaki" au "anaondoka". Basi! Jana yake tulikuwa ndugu wafanyakazi, tunaimba nyimbo za mshikamano, na leo vitu. Hakuna aliyelalamika. Mgeni njoo mwenyeji apone, tukakaa tupone.

Maswali yakaanza. Mwenye duka wa Butiama, ndivyo tulivyomwita msimamizi wa duka letu la kule, alikuwa na wake watatu, akauliza waandikwe vipi, maana nafasi ya mwenza ni moja. Mtaalamu akamjibu aandike mmoja. "Yupi?" Yeyote. Mzee wa watu akaomba ruhusa ya siku mbili aende kuitisha kikao nyumbani. Mlinzi wa Bunda alijua tu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige. Mtaalamu akasema mwaka wake wa kuzaliwa uachwe wazi, tukauacha. Kumbe mashine haipendi nafasi tupu, ikajijazia mwanzo wa karne, na mlinzi akatoka na miaka tisini na ushee, analinda bohari peke yake kwa rungu. Meneja alisoma orodha, akatikisa kichwa kwa heshima. "Wazee wa zamani walikuwaga imara," akasema, akapiga sahihi.

Siku ya mwisho ya mafunzo Mama akanyoosha mkono. Alikuwa ameandika daftari zima kwa mwandiko wake wa masijala, kila mstari umenyooka.

"Mwanangu," akamwambia mtaalamu, "nikiandika kwamba huyu wa pili awe sawa na yule wa kwanza, hapo nimepata karatasi ya pili? Au ni karatasi ile ile, nimeipachika jina lingine?"

Mtaalamu akatazama saa. "Mama, hayo ni ya mbele ya safari. Usiturudishe nyuma."

Meneja akacheka, na meneja akicheka sisi tunacheka. Mimi nilicheka hadi nikajishika mbavu, mjinga mie. Mama akafunga daftari taratibu akasema haya baba, tuendelee. Jioni mtaalamu akaondoka na jibu lake kwapani, akatuachia karatasi mbili za maelekezo.

Sheria ya kupunguza ilikuwa fupi. Kila kitengo kibaki nusu, na aliyeajiriwa mwisho atoke kwanza. Kitengo cha taipu tulikuwa wawili, na mimi ndiye niliyeajiriwa mwisho. Hapakuwa na haja ya kompyuta, hata mtoto wa chekechea angeipiga hesabu hiyo. Nilishakubali. Nilikuwa nimeshapatana na mwanamke mmoja wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anipe dagaa nipeleke mnadani Bunda, na nilishanunua magunia. Mama alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Nyumba yake kule Buhare ilikuwa imefika kwenye linta, na kila siku wakati wa chai alikuwa anasema, "Miaka yangu hii miwili ni bati, mwanangu. Siihesabu kama miaka, naihesabu kama bati."

Sasa meneja akataka kuona barua ya kumuaga mtu itatokaje kwenye printa, kabla hatujaendesha zoezi lenyewe. Nilikuwa mwangalifu, Mungu ananiona! Sikutaka kuchezea maelezo ya mtu. Nikasema ngoja nitoe nakala kwanza, nijaribie kwenye nakala. Nikaandika kitu kipya nikakiita Jaribio, nikaiambia mashine Jaribio awe sawa na Mama. Nilimchukua Mama kwa sababu maelezo yake nilikuwa nayajua kwa kichwa, tarehe zote, bila kufungua jalada. Nikageuza hali ya Jaribio, kutoka "anabaki" kwenda "anaondoka".

Printa ikalia kama bati linalokatwa kwa msumeno, barua ikatoka. Nzuri! "Shirika linakushukuru kwa utumishi wako uliotukuka." Meneja akaisoma mara mbili, akaguswa na maneno yake mwenyewe. Nikaichana ile barua, nikamfuta Jaribio, nikaagiza mashine ihifadhi kazi ya siku, nikaifunika kwa kitambaa chake. Niliona nimetupa nakala kapuni, ya juu iko salama.

Wiki iliyofuata zoezi likaendeshwa kwelikweli. Nilikaa mbele ya mashine miguu peku, magunia yangu ya dagaa yako nyumbani, nikabonyeza. Kitengo cha bohari, kitengo cha magari, wote walitoka kama tulivyotarajia. Kitengo cha taipu: anabaki, mimi. Anaondoka, Mama.

Meneja akajipatia maelezo, maana meneja hakosagi maelezo. "Unaona? Sisi tungetazama miaka tu. Mashine imetazama mbali." Habari ikazunguka ofisi, kila mtu akawa na sababu yake. Wengine wakasema kompyuta imepima kasi ya vidole. Wengine wakasema Mama alikuwa ameichukia tangu siku ya kwanza, nayo ikajua. Hata mwenye duka wa Butiama, aliyepigiwa simu, alisema yeye aliliona hilo zamani.

Mama alipokea barua yake amesimama. Akaisoma hadi chini, akaniomba penseli, akaweka koma mstari wa tatu, mahali ambapo mimi na meneja hatukuwa tumeiona kuwa imekosekana. Kisha akaikunja akaitia kwenye pochi.

Na mimi? Nilifurahi. Nisiwadanganye, nilifurahi sana. Jioni nilinunua sato mkubwa, nikapika kwa nazi ya kuomba kwa jirani Mswahili, nikala hadi mifupa. Nilimwonea Mama huruma, ndiyo, lakini ilikuwa huruma ya mtu aliyeshiba. Nilijiambia labda kweli mimi ni hodari, labda mashine imeona kitu ndani yangu ambacho watu hawakioni.

Siku ya nne meneja akataka sampuli ya barua nyingine, ya kupandishwa cheo, amwonyeshe mnunuzi. Nikafanya kama kawaida yangu. Jaribio awe sawa na mwenye duka wa Butiama, kisha kwa utani nikampa cheo cha Mkurugenzi Mkuu. Nikachapa, nikamfuta Jaribio. Mchana nikafungua maelezo ya mwenye duka mwenyewe kwa shughuli nyingine, nikamkuta ni Mkurugenzi Mkuu, mke mmoja.

Nikadhani ni jini. Nikamrudisha kwenye cheo chake, nikajaribu tena na mlinzi wa Bunda. Nikatoa Jaribio, nikageuza kidogo, nikafungua ya mlinzi. Imegeuka. Nikarudia mara ya tatu, na mara ya tatu ikageuka! Hakukuwa na karatasi ya pili. Haikuwapo kamwe. Jaribio alikuwa ni Mama mwenyewe, nimempa jina lingine, na mimi kwa vidole vyangu nilikuwa nimemwandikia aondoke. Nilipomfuta Jaribio nilifuta lile jina tu, neno la kuondoka likabaki kwa Mama. Mashine ilipofika kitengo cha taipu ikatafuta mmoja wa kutoka, ikamkuta ameshatoka, ikaridhika. Zamu yangu haikufika. Mama aliuliza swali hilohilo, kwa Kiswahili cheupe, mbele ya watu wote, na sisi tukacheka.

Nikavaa viatu. Nikaenda hadi mlango wa meneja na maneno yote nimeyapanga: bosi, nimekosea, anayetakiwa kutoka ni mimi. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa kwenye simu na Dar, anacheka, anasema zoezi limeisha salama, hakuna malalamiko, hakuna mtu wa kulaumiwa, yote imeyafanya mashine. Akaniona. Akaziba simu kwa kiganja.

"Una shida?"

Nilimtazama. Niliiona meza yangu, feni, mshahara wa mwisho wa mwezi. Nikayaona na magunia.

"Hapana, bosi. Nilikuwa naulizia utepe wa printa."

Akafungua droo akanipa utepe, mpya kabisa, bado uko kwenye karatasi yake. Nikashukuru nikaondoka. Kesho yake nilisema nitamwambia kesho. Keshokutwa orodha ikasafirishwa Dar na sahihi na muhuri, nikajiambia sasa haina faida tena, maji yakimwagika hayazoleki. Ni methali nzuri sana ukiwa ndiye uliyemwaga.

Mama aliamua kurudi kwao Butiama alime mihogo, nyumba ya Buhare isubiri. Nilimsindikiza stendi. Nilimbebea kikapu, na mto wa kiti alioshona mwenyewe, ndio pekee aliokuwa anaudai kuwa ni mali yake ofisini. Basi lilikuwa bado linapakia mizigo. Tukakaa kwenye benchi la muuza chai. Mama hakuagiza chai.

"Wewe ndiye uliyeyaandika maelezo yangu mle ndani," akasema. "Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ni mwanangu, nimekufundisha kazi. Kosa langu lilikuwa nini? Nimepiga taipu miaka ishirini na minne. Watu wa nyumbani wataniuliza, na sitaki kuwajibu sijui."

"Hukuwa na kosa, Mama."

"Basi kwa nini mimi?"

Utingo alikuwa anaita abiria wa Butiama. Ningeweza kusema. Yalikuwa maneno matano au sita, na nilikuwa nimeyapanga tangu siku ya utepe. Akanisubiri, mikono imetulia magotini, kama alivyokuwa ananisubiri zamani nitafute kosa langu mwenyewe kwenye barua.

"Macho," nikasema. "Mashine zile zinataka macho ya vijana."

Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya khanga, akaitazama, akaivaa tena, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayekubali.

"Ni kweli," akasema. "Siku hizi hayaonagi vizuri." Akasimama, akachukua kikapu chake na mto wake. "Asante kwa kuniambia wazi, mwanangu. Wengine wote wamenificha."

Nikamwambia asijali.