Kidevu cha Mama Mkwe

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mpiga picha wa Kilosa, wa kamera ya mkanda mpaka leo, na darasa la nne sikulimaliza, lakini kipima mwanga nakijua. Ni kidude cha kiganjani. Unakisogeza kidevuni kwa mtu, kinakwambia mwanga ulivyo usoni pake, ili kamera isiingize mwingi mno.

Juzi mama mkwe aliniita Mikumi. Alitaka picha moja nzuri ya ukutani, wajukuu wamkumbuke. Shemeji yangu akatoa simu.

"Weka hiyo," nikamwambia. "Simu inabahatisha, mimi napima!"

Mama akakaa uani, jua la mchana usoni. Sasa kwetu sisi mama mkwe hasogelewi hivyo. Hata ugali wake naulia chumba kingine, na ni mtamu, tuyaache hayo. Nikajikaza: bila kupima sipigi! Basi nikapima kidevu changu mwenyewe, pale pale nilipojibanza mlangoni, kivulini. Nikapiga mkanda mzima.

Picha zikasafishwa, nikazipeleka kifua mbele. Mama akafungua bahasha. Kanga ilionekana kidogo. Juu ya kanga palikuwa peupe, kama unga umemwagika.

"Baba, huyu asiye na uso ni nani?"

"Ni wewe, mama," nikasema, nikitazama chini. "Mwanga niliupima... kwangu."

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake juani, akafumba macho, akainua kidevu.

"Haya, sikuoni," akasema. "Njoo upime."