Kina cha Mto wa Baba

Kazini walimwita Nusu Gramu, naye hakulikataa jina. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na katika karakana ile ya vyumba viwili nyuma ya zahanati hakuna aliyewahi kumwona akimimina kitu bila kukipima kwanza. Nyumbani aliandika kila jambo kwenye daftari: siku ya kubadilisha mtungi wa gesi, saa za dawa za mama, hata tarehe ambayo kaka yake aliahidi kurekebisha bawaba ya mlango wa jikoni. Ahadi hiyo sasa ilikuwa na miaka minne.

Mwisho wa mwezi ule mama yao alikuwa anahamia kwa dada yao mkubwa, mji mwingine, na wawili hawa waliobaki walitaka aondoke na kitu cha kuweka karibu na kitanda. Safari ilipopangwa, karibu mwaka mmoja nyuma, walikubaliana kumtengenezea sanamu ndogo ya baba. Marehemu alikuwa akisimulia siku aliyokwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mama, akavuka mto kwa miguu, baiskeli begani. Kaka, ambaye alifundisha udereva mpaka alipostaafu, angechonga mtu. Nusu Gramu angetengeneza mto.

Kaka alichonga kwa miezi minane. Kwa hilo lazima asifiwe. Baba alitoka mrefu kama kidole cha kati, suruali imekunjwa, na baiskeli ya nyaya za shaba iliyokuwa hata na kengele. Lakini zaidi ya vyote ilikuwa shingo. Ile shingo iliyoinama kidogo kushoto, ukiiona tu unajua ni nani. Kaka mwenyewe alisema hawezi kuichonga mara ya pili, ilimtoka tu.

Kwa hiyo Nusu Gramu alikuwa na hofu. Maji ya mfano hutengenezwa kwa resini, kimiminika angavu kama kioo, ambacho hugeuka kigumu ukikichanganya na dawa yake. Kikishaganda kimeganda. Chochote kilichosimama ndani yake hakitoki tena. Akapanga mawe na mchanga kwenye ubao wenye ukubwa wa daftari, akamsimamisha baba katikati, akazungushia kuta za plastiki, akamimina tabaka la kwanza. Milimita tatu. Likaganda safi, kokoto za chini zinahesabika.

Kaka akainama kulitazama.

"Hiki ni nini?"

"Mto."

"Huu? Baba anavuka au ananawa miguu?"

"Kaka, ni tabaka la kwanza. Kila siku moja, mpaka yafike magotini."

"Magotini! Nani kakwambia magotini? Maji yalikuwa kifuani."

"Baba alisema magotini."

"Alikwambia wewe magotini usiogope. Mimi mwanamume aliniambia kifuani."

"Na suruali uliyomkunjia ilikuwa ya nini, kama maji yalifika kifuani?"

Kaka alifikiri. "Alianza na matumaini."

Wakaenda kumuuliza mama, aliyekuwa anapanga shuka zake kwenye sanduku.

"Mimi nilimwona keshavuka," mama alisema. "Nilichokiona ni mtu mlangoni anachuruzika."

"Kuanzia wapi, mama?" Nusu Gramu alikuwa na kalamu mkononi.

"Mwili mzima. Lakini na mvua nayo ilikuwa inanyesha. Niacheni nimalize shuka."

Tabaka la pili lilimiminwa kwa ugomvi uleule. Nusu Gramu alimweleza kaka, taratibu, kama anavyowaeleza wateja wasiotaka kufungua mdomo: resini inapoganda hutoa joto. Kidogo kidogo haina neno. Ukiimimina nyingi kwa mkupuo inajichemsha yenyewe, inakuwa ya njano, inapasuka. Kaka akaitikia kwa kichwa, kama vile wanafunzi wake walivyokuwa wakiitikia kabla ya kugonga nguzo.

Kesho yake alikwenda kazini, akaacha karatasi juu ya chupa: USIGUSE. TABAKA LA TATU NI LEO SAA KUMI, NITAKAPORUDI.

Saa saba simu ikalia. Mikono yake ilikuwa na plasta nyeupe ya kutengenezea umbo la meno, mpaka kwenye viwiko.

"Dada," sauti ya kaka ilikuwa ndogo. "Maji yanachemka."

"Zima jiko."

"Siyo ya jikoni. Ya baba."

Hakukumbuka alivyofika nyumbani. Alichokumbuka ni harufu kali mlangoni, na kaka amesimama pembeni ya meza, mto umefunikwa kitambaa kinachodondosha maji. Alikuwa ameisoma ile karatasi, akaona amrahisishie mdogo wake kazi. Akachanganya resini na dawa yake, akamimina chupa yote. Maji yakafika kifuani pa baba, akafurahi. Baada ya nusu saa ukaanza kufuka moshi.

"Sasa kitambaa cha nini?"

"Nimeipoza. Injini ikichemka si unaipoza?"

"Kaka. Hii ni injini?"

"Joto ni joto, dada."

Nusu Gramu akakiondoa kitambaa. Mto ulikuwa umepasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Juu ulikuwa mweupe kama uji, na ndani yake, rangi ya mkojo, baba alionekana vipande vipande: goti huku, pindo la suruali kule. Juu ya kifua tu ndiko alikobaki mzima. Kichwa, mabega, baiskeli. Na shingo.

Nusu Gramu alikaa kwenye kiti. Alitaka kupiga kelele, lakini mama alikuwa chumba cha pili, naye hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akafungua daftari, akaandika saa, kiasi, na neno "kitambaa", akalipigia mstari mara mbili mpaka karatasi ikatoboka.

"Nitachonga mwingine," kaka alisema.

"Kwa siku kumi na moja zilizobaki? Na shingo?"

Kaka akakitwaa kitambaa, akaanza kupangusa meza.

Njia ilikuwa moja tu. Kesho yake Nusu Gramu alileta kutoka karakanani msumeno wake mwembamba wa kukatia meno ya bandia. Kaka akaomba kwenda nje. Taratibu, akipuliza vumbi, Nusu Gramu akamkata baba kifuani, usawa wa ile resini iliyoharibika. Akatengeneza ubao mpya. Baba sasa alikuwa nusu, na nusu hawezi kusimama kwenye maji angavu ambayo mtu anaona mpaka chini. Ilibidi maji yawe mazito, ya tope. Akachanganya resini mpya na tone la rangi ya kahawia, akamimina tabaka moja jembamba kuzunguka kifua, kisha kwa ncha ya brashi akainua viwimbi pale mkondo unapompiga. Kwa kutazama, ungeapa mto una kina cha mtu mzima.

Maana yake, maji yalikuwa kifuani. Aliyeharibu kazi ndiye aliyeshinda ubishi! Kaka alikuja, akatazama, akavuta pumzi ya kuongea.

"Usiseme," Nusu Gramu alimwambia.

"Sijasema."

"Usiseme hata kwa uso."

Siku ya safari walimpa mama mezani, kabla ya gari kufika. Akavaa miwani. Akautazama mto kwa muda mrefu, kidole chake kikielea juu ya ile shingo bila kuigusa.

"Jamani," alisema. "Huyu huyu."

Kisha akamgeukia binti yake, siyo mwanawe wa kiume. "Wewe ndiye mpimaji. Ni kweli maji yalikuwa mengi hivi, na mwendawazimu huyu akavuka kuja kwetu?"

Nusu Gramu aliona macho ya kaka yakimtoka upande wa pili wa meza. Maisha yake yote hakuwahi kuandika kipimo asichokipima. Akaangalia kidole cha mama.

"Yalifika hapo, mama. Kifuani."

Mama akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja, akacheka tena. Kaka akakohoa, akainua macho kwenye dari kama mtu asiyehusika. Nusu Gramu akautia mto kwenye boksi, akachukua kamba, akaanza kulifunga, akilikaza kila fundo kuliko ilivyohitajika.