Fundi na Viini Elfu Moja

Fundi wa kompyuta wa pale stendi ya Mpanda hupuliza kila skrubu kabla ya kuiweka kwenye kizibo cha soda, kisha huiambia, "Kaa hapo." Mwalimu Restituta alimletea kutoka Usevya laptop iliyozimika ghafla, nayo ndiyo pekee iliyohifadhi sauti ya marehemu mama yake akisimulia hadithi kwa Kipimbwe. Ili kuficha hofu, akasema amesikia redioni kwamba zinakuja kompyuta zenye prosesa ya viini elfu moja, vyote vikifanya kazi kwa pamoja. Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Elfu moja! Mimi nikifunga ng'ombe wawili tu kwenye plau, mmoja anataka Sitalike, mwingine Inyonga. Hii yako ina viwili, mwalimu, na tayari vimegombana."

Akabana waya mmoja kwa vidole vyake vinene, taratibu, kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati, akawasha. Mwanga ulipotokea hakutazama kioo. Alimtazama mwalimu usoni. Restituta akafungua faili, na sauti ya mama ikatoka, ikikohoa kwanza. Mwalimu akashusha pumzi, akacheka huku machozi yakimtoka. Fundi akazima feni ili mama asikike vizuri.