Makaburi Tisa ya Buswahili

Tulichimba makaburi ya kale kwenye shamba la pamba huko Buswahili, na kazi yangu ilikuwa kuyachora kwenye ramani. Yalikuwa tisa. Kila maiti alilazwa ubavu, uso ukielekea upande tofauti na wenzake. Niliudhika, nikaandika pembeni mwa karatasi: wamezikwa ovyo.

Mama mwenye shamba aliinamia ramani yangu, akapitisha kidole kutoka fuvu hadi fuvu.

"Si ovyo, mwanangu. Huku mtu tunamlazaga anaangalia nyumba yao."

Nikachukua rula, nikavuta mstari kutoka kwenye kila uso. Mistari yote tisa ilikutana mahali pamoja, chini ya rundo la udongo tuliokuwa tukiumwaga pale tangu siku ya kwanza.