Mama Mkwe wa Serikali

Nyanya yangu Kemuma, wa Manga, hakuwa mtu wa kupigana. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali, na hilo ni baya zaidi. Babu alisema heri angeoa mwanamke wa rungu, maana mkono wa rungu huchoka.

Mwaka wa 1938 mtoto wake wa pili, Esnah, alishikwa na kifua. Akipumua, ungedhani kuna paka ndani ya blanketi. Wa kwanza Kemuma alikuwa amemzika kwa kifua hicho hicho, kwa hiyo siku hiyo hakungoja ushauri wa mtu. Alimfunga mgongoni, akateremka mlima hadi zahanati ya serikali. Ilikuwa Jumatano, siku ya daktari Mzungu.

Zahanati hiyo ilikuwa na veranda ya saruji, paa la mabati lililotokeza mbele, na benchi lililopakwa rangi. Ukutani kulikuwa na kibao: Wazungu Tu. Wazungu wenyewe hawakuonekana, lakini Thadeus, bawabu, kijana wa huko huko Manga, alilinda benchi hilo kama yai. Watu wetu walingojea kwenye nyasi. Warsame, Msomali mwenye duka, alisimama kwenye ngazi, mguu mmoja juu na mwingine chini, kwa kuwa serikali ilikuwa bado haijaamua yeye ni mtu wa aina gani.

Mchana mvua ya mawe ikaanguka, kama kawaida yake kwetu. Akina mama wakafunika watoto kwa majani ya migomba. Jani la Kemuma likatoboka. Akatazama juu, akatazama veranda kavu, akapanda.

"Mama, shuka," Thadeus akasema.

"Kwa nini?"

"Ni amri. Mwafrika hakanyagi hapa."

"Leo nani ameketi hapa?"

"Hakuna."

"Na Jumatano iliyopita?"

"Hakuna pia, mama. Shuka, utaniletea maneno."

Sasa, kwetu Gusii, mama mkwe na mume wa binti yake huoneana haya. Hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Kemuma akalifikiria jambo hilo huku akimpangusa Esnah maji usoni.

"Thadeus, niambie ukweli. Huyu bwana mwenye benchi ameoa kwetu?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Mtu asiyetaka nisogee mlangoni pake, asiyeweza kuketi nilipoketi, huyo ni mkwe. Ningemheshimu, ningerudi mvuani mwenyewe. Lakini ng'ombe wa mahari sijawaona. Wewe umewaona?"

Kwenye nyasi vicheko vikaanza, licha ya mvua. Thadeus akauma mdomo.

"Sijawaona, mama."

"Basi si mkwe. Kama si haya inayomfanya atukwepe, ni nini?"

Hapo Thadeus hakuwa na hamu ya kucheka tena.

"Na wewe unayelipangusa benchi hili," Kemuma akaendelea, "umewahi kuliketia?"

Thadeus akatazama miguu yake. Serikali ilikuwa imempa kofia, viatu haikumpa.

Daktari akatoka. Hakuwa mtu mbaya. Nyanya alisema mikono yake ilikuwa laini kama ya mkunga. Akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba amri si yake, ni ya serikali, na anayeikataa atafungiwa selo kule kambi ya chifu mpaka jioni.

"Selo ina paa?" Kemuma akauliza.

"Ndiyo."

"Halivuji?"

"Halivuji."

"Basi twende, mtoto asizidi kulowa."

Mama mmoja akapanda na mtoto wake. "Mimi pia nimekanyaga." Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka nyasi zikabaki na mawe ya mvua peke yake. Warsame akapandisha mguu wake wa pili.

"Na mimi, daktari. Nilikuwa nusu tu, sasa nimetimia."

Daktari akawatazama. Akiwafunga wote, hana wa kutibu. Akavuta pumzi, akaketi benchini, akamwambia Kemuma aketi pia, akaweka chombo chake kwenye kifua cha Esnah. Alisikiliza sana. Kisha akatoa dawa na kusema mtoto arudi Jumatano.

"Nitangojea wapi?" Kemuma akauliza.

Daktari akakitazama kibao, akazitazama nyasi.

"Njoo mapema," akasema.

Hilo halikuwa jibu, na Kemuma alilijua hilo. Jumatano, jua likiwaka na kibao kikiwa pale pale, akaja mapema, akaketi benchini, akamweka Esnah mapajani amsikilize kifua. Paka alikuwa anaondoka. Thadeus akaja mpaka mbele yao, akakohoa kama mtu mwenye amri ya kutoa, kisha akauliza mtoto alilalaje usiku.