Kinanda cha Sawasawa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni fundi wa redio, pasi na chochote chenye waya. Watu wanamwita Sawasawa kwa sababu hajawahi kumrudishia mtu kitu chake kikiwa nusunusu. Ukimwambia, "Fundi, nipe hivyo hivyo, kinatosha," anakutazama kama umemtukana, anakirudisha mezani, na wewe unarudi kesho. Nimemfahamu miaka ishirini na mbili na sijamwona akifanya jambo kwa nia mbaya. Ninalisema hilo mapema, maana katika habari hii mwenye nia mbaya yupo, na si yeye.

Dada yangu alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Wimbo ukifika pale juu, sisi wengine tulinyamaza, yeye akapanda peke yake na watu ukumbini wakaacha kukohoa. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Maana yake nilisimama ubavuni pake miaka yote nikingoja apatwe na mafua, na mafua hayakumpata. Nyumbani aliimba akifua, akikuna nazi, akitafuta kiatu kilichopotea. Shemeji hupenda kusema kwamba alimwoa kwa masikio kwanza, macho yakafuata.

Kinanda cha ukumbi kilikuwa cha zamani, cha kukanyaga kwa miguu ili kivute hewa. Marehemu baba yetu ndiye aliyekipiga, na alipoondoka akakirithi mwalimu wa kwaya. Mwaka jana mivukuto yake ilipasuka, kikawa kinakoroma kuliko kuimba. Hapo ndipo shemeji alipoagiza lile sanduku: kinanda cha kidijitali cha kujiundia mwenyewe. Ndani mlikuwa na bodi ya kijani, vitufe vya plastiki, vifuko vya vipande vidogo kama punje za mchele, na karatasi ya maelekezo iliyochapwa kwa herufi za kutafutia miwani.

Alikiunda kwenye meza yao ya kulia chakula. Wiki tatu familia ilikula sahani zikiwa mapajani. Alichomelea kipande kimoja kimoja kwa waya wa risasi ya kuyeyusha, akikipulizia, akikikagua kwa lenzi. Siku kilipotoa sauti ya kwanza alituita sote. Dada alisikiliza, akainamisha kichwa.

"Kinalia, Baba Watoto," alisema, "lakini hakiimbi. Ni mbu huyo, umemfungia ndani ya chupa."

Mwingine angenuna. Yeye alifurahi kupata kazi. Alibadilisha spika ndogo iliyokuja na sanduku akaweka kubwa ya redio iliyokufa, akaijengea kasha la mbao. Kulikuwa na mvumo wa umeme uliosikika nyuma ya kila noti; akauwinda siku nne mpaka akaukuta kwenye kapasita moja, akaing'oa akaweka nyingine. Ukibonyeza kitufe sauti ilichelewa kidogo. Akaingia kwenye programu kwa kompyuta akaipunguzia mizunguko, sauti ikaanza kuwahi. Mwisho akakipeleka ukumbini, akakiweka kando ya kinanda cha zamani, na noti baada ya noti akakilinganisha nacho kwa sikio. Tulifanya mazoezi nacho miezi miwili. Dada alipanda nacho bila shida, na mwalimu wa kwaya akasema tualike kwaya nyingine siku ya kukizindua.

Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta shemeji ukumbini peke yake, anapangusa vitufe kwa fulana kuukuu. Uso ulikuwa unamng'aa.

"Shemeji, nusura tuaibike," aliniambia. "Jana nimekipima kwa simu. Kumbe kilikuwa chini kwa noti nzima! Nilikifuata kile kizee, na kizee chenyewe kilishapotoka. Wageni wangetucheka. Sasa nimekirekebisha, kiko sawasawa."

"Umemwambia dada?"

"Nimwambie nini? Ataona kimechangamka tu."

Sasa nieleze nilichokijua mimi na asichokijua yeye.

Miaka kumi na miwili nyuma, dada alifanyiwa operesheni ya koo. Alipona, lakini sauti ilirudi imepungua kimo. Baba alimsikia akiimba jikoni na akajua. Mchana mmoja alinichukua ukumbini nimshikie tochi. Akafungua mgongo wa kinanda, akausogeza ubao wa vitufe hatua mbili pembeni, kila hatua nusu noti, akaukaza kwa kipande cha mbao na misumari miwili. Tangu hapo ukigusa kitufe kile kile, noti ilitoka chini kidogo. Nyimbo zikabaki zile zile, na juu pakawa karibu zaidi.

"Usimwambie dada yako," baba alisema. "Akijua ataimba kwa woga, na huyu akiimba kwa woga basi tena."

Dada alirudi kwenye kwaya, akapanda, watu wakalia. Aliamini amepona kabisa. Kwaya nzima ilishushwa kwa ajili yake na hakuna aliyejua, isipokuwa baba na mimi.

Kwa hiyo asubuhi ile, mbele ya shemeji na fulana yake, nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Ningesema, "Kirudishe kilivyokuwa," naye angekirudisha, angalau kwa ajili yangu, maana ananiheshimu. Nilijiambia kwamba ni siri ya baba. Uongo mtupu. Nilikuwa nimechoka kusimama kando.

"Hongera, shemeji," nikamwambia, nikaenda kuvaa sare.

Ukumbi ulijaa. Kinanda kiliimba vizuri kuliko siku zote, na wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Tulipofika pale juu tukanyamaza kama kawaida. Dada akapanda, na kabla ya kufika sauti ikapasuka. Alijaribu tena kwenye ubeti wa pili, ikapasuka vibaya zaidi, mtu nyuma akacheka na kujifanya anakohoa. Kwenye ubeti wa tatu mwalimu wa kwaya alinikonyeza mimi. Nikapanda. Nilifika bila jasho, Mungu anisamehe, na nilisikia raha.

Dada alikwenda hospitali kuangaliwa koo, daktari akamwambia ni zima. Akaamua basi ni uzee, sauti imekwisha. Alirudisha sare ikiwa imepigwa pasi. Sasa anafua kimya, anapika kimya, na nyumba ile ukiingia unasikia saa ya ukutani. Shemeji anaweka redio ili pawe na mtu anayeimba.

Mwezi uliofuata, shemeji alifungua kinanda cha zamani achukue mbao zake kuongezea kasha. Alinijia nyumbani ameshika kile kipande, misumari bado imo. Alikaa bila kukaribishwa, jambo asilolifanya kamwe.

"Nimekuta hiki," alisema. "Kimesogeza vitufe hatua mbili. Ndiyo ile noti nzima. Mwenzangu alikuwa anaimba chini, na mimi nikampandishia bila kumwambia."

"Hukujua, shemeji."

"Wewe ulikuwa karibu na mzee. Hiki kiliwekwa lini, enzi zake baada ya operesheni, au mwaka jana tu mivukuto ilipopasuka?" Alikigeuza mkononi. "Kama ni baada ya operesheni, basi ni mzee alimwekea yeye. Nitamwambia sauti yake haijaisha, ni ile ile ya miaka kumi na miwili, ile waliyoililia watu. Kama ni mwaka jana, basi miaka yote hiyo alikuwa anafika juu kabisa, na kweli imeshuka, na sina la kumwambia."

Alingoja. Ni mtu anayejua kungoja. Amezoea kusikiliza redio mbovu.

"Mzee hakukiweka," nikasema. "Ni cha mwaka jana, mivukuto ilipopasuka."

Aliitikia, akakitia kile kipande mfukoni, akaniaga kwa adabu zake zote.

Hakuishia hapo, maana hajui kuishia. Aliongeza kitufe cha kuzungusha upande wa kulia, kidogo, chenye alama alizochora kwa mkono: ukikizungusha, kinanda chote kinashuka, nusu noti, noti nzima, upendavyo. Alimwomba dada aje ajaribu. Dada akamjibu, "Nishushiwe kwa huruma? Waimbe wenye sauti." Maneno hayo nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja alipoyasema, nachambua mchele, na sikuinua uso.

Sauti ya kwanza ni mimi sasa. Watu wananisifu. Shemeji ndiye anayekipiga kinanda, mwalimu wa kwaya amemwachia, na kila tunapokaribia kuanza ananigeukia kwa upole, kidole kikiwa juu ya kile kitufe alichokitengeneza kwa ajili ya mtu mwingine.

"Nishushe kidogo, shemeji?"

"Acha," namwambia. "Kiko sawasawa."