Bagika na Bagalu Kwenye Kamba za Shuka

Siku ya kwanza kazini nilitapika. Siwaambii ili mnicheke, ingawa mkicheka sitawakataza. Ninawaambia kwa sababu ninyi wajukuu mnakuja hapa na nyuso zimekunjamana, "Bibi, kazi hii siipendi," kama vile mmegundua jambo jipya duniani. Mimi kazi yangu sikuipenda asubuhi nilipoianza, na sikuipenda jioni nilipoiacha. Hapo katikati nilifanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kufua nguo za hospitali, pale Mwanza, miaka ile watu walipokuwa wamehamia vijiji vya ujamaa. Shule sikwenda. Kusoma na kuandika nilijifunzia darasa la watu wazima nikiwa tayari mama, kwa hiyo mkiona nimeandika kama ninavyoongea, ndivyo ninavyojua.

Kwetu ni upande wa Magu. Mume wangu alikuwa kijijini na watoto wakubwa, akilima pamba na mpunga, siku nyingine shamba lake, siku nyingine shamba la pamoja. Mimi nilikuwa mjini kwa sababu ya binti yetu Kabula. Alizaliwa wayo wa kushoto umegeukia ndani, akawa anakanyagia ubavu wa mguu. Daktari wa mifupa alisema utanyooka, lakini si kwa siku moja. Anafungwa plasta ngumu ya chokaa, inakaa, inavunjwa, mguu unavutwa kidogo, anafungwa nyingine. Baadaye viatu vya chuma. Nikiondoka katikati, akasema, mguu utarudi ulikokuwa na safari ya pili utakuwa umekomaa, hautakubali tena.

Sasa kukaa mjini bila kazi wakati ule si jambo ulilofanya kwa kupenda. Balozi wa nyumba kumi alimjua kila aliyelala katika nyumba zake. Asiye na kazi alirudishwa kijijini akalime. Nilipanga chumba Mirongo, na balozi wetu alikuwa mama mkali kuliko mimi. Aliniambia nimwonyeshe kitambulisho cha kazi au nifunge mizigo, na mguu wa mtoto ungemhusu daktari, yeye haumhusu. Kumbe yule daktari naye alikuwa na huruma. Akaniandikia niende kwa Msimamizi wa Kufulia, nikachukuliwa kibarua. Kwa hiyo muelewe. Bila sinki la shuka, hakuna Mwanza. Bila Mwanza, hakuna mguu.

Msimamizi alikuwa mzee wa Kijita, mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Siku ile ya kwanza alinipa aproni na lundo la shuka kutoka wodi ya wazazi. Nilifungua lundo, nikaona kilichokuwamo, nikakimbilia mlangoni. Niliporudi, yeye alikuwa amesimama palepale na fagio mkononi, akanipa nisafishe. Nikasafisha. Kisha nikachota maji ya moto nimimine kwenye zile shuka, akanishika mkono.

"Mama, maji ya moto yanaipika damu kama yai," akasema. "Ukishaipika, utaisugua mpaka ustaafu."

Hilo ndilo somo la kwanza la kufua hospitali. Damu huanza na maji baridi na chumvi, italowa, itaachia yenyewe. Baada ya hapo ndipo shuka huingia kwenye pipa la kuchemshia, linalokorogwa kwa mti mrefu kama mwiko wa ugali wa msiba. Halafu suuza, tena suuza, kisha maji ya bluu ili weupe usiwe wa njano, kisha kamba, kisha pasi. Sare za wauguzi zilitiwa wanga wa muhogo zikasimama zenyewe kama watu. Na miaka ile sabuni ilipoadimika tulifua kwa majani ya mpapai na maji ya majivu yaliyochujwa, mikono ikachunika mpaka chumvi ya sinki la baridi ikawa adui.

Nilianzia kwenye hilo sinki la baridi, maana kila mgeni alianzia hapo. Kila asubuhi nilipokata kona na kuona jengo lile, nilipunguza mwendo. Nilijaribu kujisemesha, fikiria mguu, fikiria mguu. Mguu uko Mirongo, shuka ziko hapa mbele yako. Kumfikiria mtoto kulinifikisha mlangoni, hakukunifikisha saa nane mchana. Hili mlisikie vizuri, kwa sababu mnaambiwa mtu akiwa na sababu basi nguvu zinakuja zenyewe. Haziji. Sababu inakuamsha. Kuna kitu kingine cha kukufikisha jioni, na hicho lazima ukitafute palepale kazini.

Mimi nilikipata kwa Nyamizi.

Nyamizi alikuwa kibarua mwenzangu, mwanamke wa kutoka Kwimba, mrefu, mdomo haupumziki. Siku moja nilikuwa ninapiga shuka kwenye jiwe na bila kujua nikaanza kuimba wimbo wa kulimia wa upande wa baba yangu. Nyamizi akasimama, mkono kiunoni.

"Eh, Mama Kabula. Kumbe wewe ni Mgika? Ndiyo maana shuka zako zina rangi ya tope."

Kwa ambaye si Msukuma nieleze. Sisi tuna pande mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, na mtu hurithi upande wake kwa wazazi. Baada ya mavuno pande hizi hucheza siku moja, uwanja mmoja, kila mmoja na ngoma zake. Hakuna hakimu. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao. Wakihama kwako wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, hata kama ulicheza mpaka ukaanguka. Ndiyo maana kila upande una mtu wake wa dawa, dawa za kuvuta watu.

Nyamizi alikuwa Mgalu. Tangu siku ile tukagawana. Wanawake wa Kisukuma wakaenda kila mmoja upande wake, na mama mmoja Mkerewe ambaye hana upande tukamgombea mpaka akachagua wangu kwa sababu nilimpa kiazi. Nyuma ya chumba cha kufulia palikuwa na uwanja wa kamba, na kando yake nyasi walipokaa ndugu wa wagonjwa wakingoja saa ya kuona watu wao. Hao ndio wakawa watazamaji wetu. Bagika walianika kamba za upande wa ziwa, Bagalu za upande wa barabara. Tulianika tukiimba, tukikung'uta shuka kwa pamoja zilie pah, na wale ndugu wa wagonjwa, watu wenye huzuni zao, wakawa wanasogea na mikeka yao kwenda kwenye wimbo mtamu na shuka nyeupe zaidi. Wakisogea kwetu, Nyamizi hakula mchana. Wakisogea kwao, mimi nilirudi sinkini na kusugua kana kwamba damu ile imenitukana.

Sikuanza kuipenda kazi, msinielewe vibaya. Damu ilibaki damu. Lakini nilikuwa ninawahi kufika ili Nyamizi asinitangulie kuloweka. Msimamizi alituona, akatikisa kichwa, akanitoa sinkini na kunipandisha kwenye pipa, Nyamizi akanuna hadi naye akapandishwa.

Kisha Nyamizi akazidisha. Watazamaji walikuwa wamehamia kwetu tangu Jumatatu, na yeye hakuweza kuvumilia. Akaenda kwa mjomba wake, mtu wa dawa wa Bagalu, akapewa kipande cha mzizi kilichofungwa uzi mweusi, akakishonea ndani ya upindo wa shuka moja na kuianika katikati ya kamba zake. Nia yake ilikuwa jioni akifumue. Mvua ikatishia kutoka ziwani, tukaanua kwa haraka sote, pande zikachanganyika, shuka zikapigwa pasi na kupelekwa wodini. Ile yenye mzizi ikaenda wodi ya wanaume, kitanda cha mzee mmoja kutoka Nansio.

Asubuhi yake tulisikia kelele. Mzee amepapasa upindo, amekuta kitu kigumu, amekifumua. Alitoka wodini na gauni la hospitali, akakaa kwenye nyasi, akasema yeye amekuja kutibiwa ngiri, hakuja kurogwa. Wenzake hawakuuliza la pili. Wodi nzima ikatoka, wenye magongo wakiwasaidia wasio na magongo, na mmoja akitoka na chupa yake ya maji ya mishipani ameiinua kama bendera.

Matroni, mkuu wa wauguzi, akatuita. Alikuwa mama wa kutoka Bukoba, Mlutheri, kofia yake imekaa wima kwa wanga wetu wenyewe. Tulisimama mstari mmoja mbele yake, mzizi uko mezani. Akauliza ni wa nani. Msimamizi akasema kwa sauti ya chini kwamba asipopatikana mwenyewe, utawala utataka vibarua wote waondolewe.

Mimi nilijua ni wa nani, maana uzi ule nilimwona nao Nyamizi. Na nilijua Kabula ana plasta mguuni aliyofungwa wiki ileile. Nikaona kijiji, nikaona wayo unarudi kugeukia ndani. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno nimtaje.

Nyamizi akatangulia. "Ni wangu, Matroni. Ni wa ngoma."

"Ngoma gani hospitalini?"

Nyamizi, yule ambaye mdomo haupumziki, alitazama chini, machozi yanadondokea aproni. Ningeweza kunyamaza hapo. Kibarua changu kilikuwa kimepona. Lakini ngoma ya upande mmoja haipo, na kama si yeye mimi ningekuwa nimeshaikimbia ile kazi zamani, mguu na kila kitu. Nikasema, "Matroni, upande wa pili ni mimi."

Nikamweleza yote. Pande, kamba, ndugu wa wagonjwa na mikeka yao, dawa ya kuvuta watu isiyomdhuru mtu. Alisikiliza uso umekaza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu, kama ndiyo sababu shuka za miezi ile zimekuwa nyeupe hivi. Msimamizi akajibu kwamba ndiyo.

Matroni akainuka, akatoka, sisi nyuma yake. Alipita katikati ya wagonjwa kwenye nyasi, akaingia wodini, akavua viatu, akapanda kitanda cha yule mzee na kulala chali juu ya shuka ileile, kofia na yote. Watu wakajaa madirishani. Alilala pale, mikono kifuani, mpaka mzee wa Nansio akaingia mwenyewe kuangalia.

"Shikamoo mzee," Matroni akasema akiwa amelala.

"Marahaba."

"Nimelala kwenye hiyo shuka yako ya dawa. Ninajisikia usingizi tu, maana jana sikupumzika."

Mzee akamtazama, akatazama shuka. "Basi inuka, mwanangu," akasema. "Hicho kitanda ni changu na mimi ndiye mgonjwa."

Wodi ikarudi ndani. Sisi wawili tulipewa adhabu ya kurudi sinki la baridi mwezi mzima, bega kwa bega. Matroni akasema kuimba tuimbe, dawa zibaki kwa wajomba. Na kuanzia hapo siku za Ijumaa alikuwa akipita uwanja wa kamba, anasimama, anatazama kushoto na kulia, kisha anasogea hatua chache kuelekea upande mmoja na kwenda zake. Hizo hatua chache tulizigombania wiki nzima.

Plasta zikaisha, viatu vya chuma vikaja, navyo vikaisha. Siku daktari alipomtembeza Kabula ukumbini peku na kusema basi, nilikwenda moja kwa moja kwa Matroni kuaga.

"Baada ya muda wote huu," akaniuliza, "hukuanza kuipenda hata kidogo?"

Nikamwambia hapana. Nilifikiri atakasirika. Akafungua dirisha, akasema yeye alipenda wodi, alipenda kukaa na wagonjwa, na walipompandisha cheo wakampa ofisi na karatasi hakupenda hata siku moja. Alikuwa anangoja mdogo wake amalize masomo ya udaktari ndipo aombe kurudishwa wodini. Kisha akanipa mkono, na mimi nikaona kwamba zile Ijumaa hakuwa anakuja kwa ajili yetu peke yetu.

Nyamizi alinisindikiza hadi kwenye magari ya Magu, akinitukana njia nzima kwamba Bagika ni watu wa kukimbia ngoma ikikolea. Mpaka leo sijui kama aliniaga.

Nimelima mpunga tangu siku ile hadi magoti yalipokataa, na mpunga niliupenda, hata maji yalipotufikia kiunoni. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba kazi zote ni sawa ukizizoea. Si sawa. Iliyo mbaya ni mbaya, na siku yako ya kutoka ikifika, toka, usigeuke nyuma. Lakini kabla haijafika, msiende kazini na kununa kama mnamkomoa mtu. Mwenye kazi hata hajui umenuna. Tafuteni mtu wa kushindana naye, awe na mdomo mrefu, na mmpende kimyakimya.

Kabula ni mama mzito siku hizi. Anapokuja kunitembelea macho yangu hayamtambui mpaka awe karibu, lakini nikiwa nimekaa ndani ninamsikia tangu njiani. Mguu wa kushoto unakanyaga kwa uzito uleule wa mguu wa kulia, sawasawa, mpaka mlangoni.